Barua Niliyoipigia Pasi

Maryann mwanangu ameleta fomu za ajenti wa kazi za Uarabuni nyumbani na kuzifunika na kitabu cha nyimbo, akidhani sijaziona. Simkatazi kwenda. Mimi mwenyewe nilikwenda. Watu wakiniuliza habari za Saudia hutaka niwaambie ubaya wa madam, nami huwaambia, maana upo. Lakini ubaya ninaoandika leo niliufanya mimi, kwa mikono yangu, kwa mtu aliyenipenda. Binti wa mtu anayekwenda kupendwa mbali na kwao na ausome hapa.

Mwaka 2014 nilikuwa kwenye nyumba moja ya Aziziya, Jeddah. Baba mwenye nyumba, madam, watoto watatu, mimi jikoni, na dereva kwenye chumba chake kando ya geti. Dereva aliitwa Irshad, Mhindi, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyofanana na mwili wake. Mimi na yeye hatukuruhusiwa kusimama pamoja hata dakika moja. Garini mimi nilikaa nyuma na watoto, naye mbele, na tukitazamana ni kwenye kile kioo kidogo cha juu. Yeye huangalia barabara, halafu huniangalia, halafu barabara tena. Mimi najifanya namfuta Lamar, mtoto wao wa mwisho, makamasi.

Lakini jikoni palikuwa na simu ya ukutani iliyounganishwa na chumba chake, madam alikuwa akiitumia kumwita atoe gari. Mchana, baada ya chakula, nyumba nzima hulala. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu ya kupiga pasi. Nilivuta ubao hadi chini ya simu ile, nikabana mkono wa simu kati ya sikio na bega, nikanyoosha kanzu za baba huku naongea na Irshad. Mwaka mzima tulipendana hivyo. Tuliongea Kiarabu chetu cha jikoni, na kikiisha tunaongeza Kiingereza changu cha darasa la nane na chake cha udereva. Hapa nakiandika kama moyo wangu ulivyokisikia.

Alinisimulia kwao. Mji wao unaitwa Kusumdih, na wenyewe wanauita Jankshen tu, kwa sababu reli zinatoka pande nne na kukutana pale. Nchi yao yote ni migodi ya makaa ya mawe. Treni za makaa hupita usiku na mchana, na za abiria husubiri pembeni kama watoto wanaosubiri wakubwa wanawe mikono kwanza. Mama yake hufua nguo mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya vumbi jeusi lililoanguka zikiwa kambani. Kuna mahali ardhi inaungua chini kwa chini, moshi unatoka kwenye nyufa, na watu wanapita na vikapu vyao kama hawauoni.

"Na wewe ungenipeleka mahali ardhi inaungua?" nilimwuliza.

"Stesheni haiungui. Stesheni kuna chai."

Alikuwa akiniigiza yule mwanamke anayetangaza treni kwenye vipaza sauti vya kwao. Alibana pua, akasema, "Abiria tafadhali sikilizeni. Treni ya Metrine kutoka Kenya inaingia laini namba tatu. Tunaomba radhi kwa kuchelewa kwa miaka thelathini na mmoja."

"Nani kakwambia umri wangu?"

"Ikama yako, kile kibali cha kukaa. Nilikupeleka hospitali, nikasoma."

Nilicheka hadi nikaunguza ukosi wa kanzu.

Nilipiga simu nyumbani nikamwambia mama yangu mzazi, na hapo ndipo niligombana naye. Mama alikuwa Malava akinilelea Maryann, wakati huo ana miaka sita.

"Metrine, umeacha wanaume wote wa Kakamega umeenda kuokota Mhindi?"

"Mama, ni mtu mzuri."

"Mzuri ana mke kwao."

"Hana, Mama. Ameniapia."

"Wote hawana. Na huyo mtoto wako naye apelekwe huko kwa makaa, awe mweusi mara mbili?"

Alikata. Nilikasirika, lakini neno lake lilibaki ndani yangu. Mzuri ana mke kwao. Ndilo lililofungua mlango wa yale niliyoyafanya baadaye. Simlaumu mama. Neno lilikuwa lake, mkono ulikuwa wangu.

Baba yake Irshad alikuwa mfanyakazi wa reli pale Jankshen. Kazi yake ilikuwa kugeuza vyuma vya reli ili kila treni ishike njia yake, na alifia kazini, kati ya mabehewa mawili. Kwao mfanyakazi wa reli akifa hivyo, mtoto wake anaweza kupewa kazi. Irshad alikuwa ameomba, na akatoa anwani ya kuandikiwa: sanduku la posta la baba mwenye nyumba, kwa kuwa yeye dereva hana sanduku. Barua zote za nyumba baba alizitupa juu ya meza ya jikoni, na kazi ya kuzigawa ilikuwa yangu. Kwa hiyo kila mchana, kabla ya mambo ya mapenzi, Irshad aliniuliza, "Metrine, kuna barua?"

Nami nikamjibu kweli: "Mafi." Hakuna.

Alhamisi moja, mwanzoni mwa Novemba, ikaja. Bahasha ya kaki yenye muhuri wa gurudumu la treni. Nilijua kabla sijaigusa. Ningeweza kuinua simu saa ileile. Badala yake nikaifungua kwa mvuke wa birika, nikaisoma kwa kidole, neno baada ya neno, midomo ikicheza. Kilikuwa Kiingereza, sikuelewa yote. Nilielewa wito wa mwisho. Nilielewa aripoti Kusumdih mwenyewe, na vyeti vyake, kabla haijapita tarehe moja Disemba. Nilielewa ataondoka.

Jioni nikitoa taka nilimwambia Damaris, msichana wa Kisii wa nyumba ya jirani. Yeye alikuwa na miaka mitano Jeddah na majibu ya kila kitu.

"Usimpe," akasema.

"Damaris, ni kazi ya baba yake."

"Sikia, wewe mwanamke. Ukimpa hiyo barua, wewe ndio umemkatia tiketi. Atafika huko, mama yake amtafutie msichana mwenye nywele hadi hapa," akajigusa kiuno, "na wewe utabaki hapa unapiga pasi za Waarabu. Iache tarehe ipite. Ikipita atatulia. Kazi anayo hapa, na wewe uko hapa."

"Na akijua?"

"Atajuaje? Posta ya nchi mbili! Barua hupotea."

Nikataka kuamini, nikaamini. Nikafungua kamba za kitambaa cha ubao wa pasi, nikaiingiza barua chini yake, juu ya sponji, nikafunga tena. Kesho yake mchana simu ikalia.

"Metrine, kuna barua?"

Nilikuwa nimeweka pasi juu yake. "Mafi," nikasema.

"Itakuja," akanifariji mimi. "Usihuzunike. Nasikia sauti yako imehuzunika."

Siku ishirini niliulizwa, siku ishirini nikajibu neno lile. Alipiga simu kwao, karani akamwambia barua imetumwa, aisubiri, bila hiyo hapokelewi. Akamwomba baba ruhusa ya kusafiri, baba akasema hana neno, alete karatasi. Karatasi ilikuwa inaivishwa na pasi yangu. Nilianza kumpikia. Nilimtumia sahani kubwa, na nyama niliyokatazwa kula mimi nikaificha chini ya wali wake. Alidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, lakini mapenzi ya mtu anayelisha kuku aliyemfunga mguu.

Jumatano ya wiki ile ya mwisho tulisafiri Riyadh, mdogo wake madam alikuwa anaolewa Ijumaa. Asubuhi Irshad anapakia masanduku, mimi nikafikiri: nikiiacha barua kwenye ubao, na mtu akafua kitambaa? Nikaitoa nikaitia kwenye mkoba, chini ya abaya. Alipita karibu yangu na sanduku begani, hatua mbili tu, mlangoni, hakuna mtu mwingine. Ningenyoosha mkono tu. Nikasema, "Chunga kichwa, mlango mfupi."

Hiyo ndiyo saa ninayoikumbuka nikiosha vyombo, nikipanga viti kanisani. Mlango mfupi.

Alhamisi mchana madam na dada zake wakataka kwenda Dirah, kule kwenye soko la zamani, kununua udi na manukato ya harusi. Walishuka garini wote, pamoja na watoto wakubwa. Lamar alikuwa amelala mapajani mwangu, madam akasema nibaki naye, Irshad awashe kipoza hewa. Mlango ukafungwa. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane tulikuwa tumeketi peke yetu mahali pamoja, mimi nyuma, yeye mbele, kioo katikati.

Nilisikia anavyopumua. Nje watu walipita na mifuko.

"Sikujua kama ukiwa karibu utanyamaza," akasema.

"Nimezoea simu."

"Na mimi. Nataka kubana pua nitangaze treni." Akacheka kidogo, halafu akaacha. Nikaona macho yake kwenye kioo yana wekundu. "Metrine, mama amepigiwa na ofisi ya reli. Jumatatu ndiyo mwisho. Nisipofika, nafasi inafungwa. Nyumba anayokaa ni ya reli. Walimwachia kwa sababu nilikuwa nimeomba kazi. Ameanza kufunga vyombo."

"Nyumba? Hukuniambia kuna nyumba."

"Ningekuambiaje? Ilikuwa nikuambie pamoja na jambo lingine."

"Jambo gani?"

Akageuka kabisa kwenye kiti, akaniangalia bila kioo. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyouzoea.

"Dereva wa Jeddah anamwoa nani? Analala getini. Nikipata kazi ya reli, napewa nyumba, jina langu. Mtu mwenye nyumba anaweza kumleta mke. Nilimwambia mama habari zako mwezi wa saba. Alilia wiki nzima. Alisema, Mwafrika, Mkristo, ana mtoto, majirani watasimama kwenye daraja la stesheni kunicheka. Shangazi zangu walikuja kumsaidia kulia. Mimi nikasema sitaki mwingine. Mwezi uliopita akasema, haya, mlete nimwone. Na mtoto wake mlete, shule ya reli iko karibu."

"Irshad."

"Nilitaka barua ije kwanza. Nisikuahidi kitu ambacho sina."

Sijui niliongea au nililia kwanza. Nilimlaza Lamar kitini, nikafungua mkoba, nikatoa ile bahasha. Nikaipitisha kati ya viti viwili. Mkono wangu ulibaki hewani muda mrefu, kwa sababu yeye hakuelewa kile alichokuwa akikiona.

"Nini hii?"

"Yako."

Aliishika. Ilikuwa imekauka, imekuwa rangi ya chapati, na kona moja ilivunjika mikononi mwake kama jani. Juu yake palikuwa na alama za ncha ya pasi, moja juu ya nyingine. Akaifungua taratibu, akasoma. Akarudi juu, akasoma tena. Halafu akaangalia muhuri wa posta ya Jeddah.

"Tarehe sita," akasema.

"Ndiyo."

"Leo ishirini na saba."

"Ndiyo, Irshad."

"Kila siku nilikuuliza."

Nikamvuta Lamar asianguke kitini.

"Kila siku nilikuuliza, Metrine. Na ukasema mafi. Ulikuwa umeiweka wapi?"

"Chini ya kitambaa cha ubao wa pasi."

Alifikiri. "Wakati tunaongea?"

"Ndiyo."

"Wakati nakutangazia treni, ilikuwa hapo?"

"Nilidhani utaniacha! Nilidhani ukienda hurudi. Mama aliniambia, Damaris aliniambia, wote wanaambiwa hivyo, Irshad, wasichana wote huku wameachwa. Nilitaka ubaki tu. Sikujua habari ya nyumba. Ungeniambia habari ya nyumba!"

"Ahaa," akasema pole pole. "Kumbe ningekuambia, ungenipa barua yangu."

Wanangu, nimewahi kutukanwa na madam, nimewahi kutupiwa kiatu. Hakuna kilichonipiga kama sentensi ile.

Nikang'ang'ana. "Bado kuna siku. Leo Alhamisi. Mwonyeshe baba sasa hivi, akupe pasipoti, upande ndege."

"Pasipoti iko wapi?"

Kila mtu wa nyumba ile alijua. Pasipoti yake na yangu na vyeti vyake vya shule vilikuwa kwenye kabati la chuma la baba, Jeddah. Ufunguo uko mfukoni mwa baba, na baba yuko hapa Riyadh harusini.

Bado akajaribu. Alimpigia baba palepale, akaeleza kwa heshima zote, nikasikia sauti ya baba ikijibu bila ukali. Baba aliuliza barua imefika lini. Irshad aliniangalia kwenye kioo. Neno moja lake lingenirudisha kwa ofisi ya ajenti siku ileile, au pabaya zaidi.

"Posta imechelewesha, bosi," akasema. "Leo ndiyo nimeipata."

Baba akasema pole, alhamdulillahi, ila kesho ni harusi, kuna wanawake tisa na hakuna dereva mwingine, na wanawake hawaendeshi gari. Jumamosi tutarudi Jeddah, ataenda kwao na baraka zake. Halas, imekwisha.

Irshad akaweka simu juu ya dashibodi. Akahesabu kwa vidole, kwa sauti, si kwangu, kwa hewa.

"Jumamosi barabarani. Jumapili pasipoti na karatasi ya kutoka. Jumatatu ndege. Jumanne Kusumdih." Akabaki ameshika kidole cha mwisho. "Siku moja. Ungenipa jana mlangoni, Metrine, wakati unaniambia nichunge kichwa. Jana ufunguo ulikuwa Jeddah. Ningefika."

"Nisamehe."

"Sijui neno hilo kwa Kiarabu chetu," akasema. "Hatukuwahi kulihitaji."

Nilitaka anipige makofi. Nilitaka aseme mimi ni mwizi, nipate la kujibu. Alikunja barua ile ikavunjika vipande viwili, akavipanga vizuri, akaviweka mfukoni.

Ndipo simu yake ikalia. Alitazama jina, akafumba macho, akapokea. Aliongea Kihindi, polepole, na mimi nikasikia neno moja nililolijua, posta, akalirudia. Akasikiliza. Kisha akasema jina langu. Halafu akanyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akanipa simu.

"Ni mama. Nilikuwa nimemwambia kuna msichana jikoni anaitafuta barua yetu kila siku. Anataka kuongea na wewe."

"Siwezi. Irshad, nakuomba, siwezi."

"Mimi sina mdomo wa kumwambia kwamba ni wewe. Pokea."

Niliiweka sikioni. Sauti ya mama mzee, nyororo, imekauka kooni kidogo kama ya mama yangu. Sikuelewa hata neno. Irshad akasikiliza inavyovuja kutoka kwenye simu, akatafsiri huku anaangalia mbele, ukuta wa soko.

"Anasema usilie."

Nilikuwa nalia kweli.

"Anasema amesikia ulivyohangaika. Kila siku kuuliza posta, na kazi zako zote. Anasema kwao hata watoto wa ndugu zake hawakuhangaika hivyo."

Nikaziba mdomo kwa shela.

"Anasema nyumba ni matofali. Anasema..."

Hapo yule mama akanyamaza, katikati ya neno. Nikadhani simu imekatika. Halafu nikasikia mngurumo, mbali kwanza, kisha ukajaa sikio langu lote, chuma juu ya chuma, behewa baada ya behewa, mzito, bila haraka.

"Subiri," Irshad akasema. "Treni ya makaa. Huwa tunasubiri ipite."

Tukasubiri watu watatu, yeye usukani, mimi nyuma, mama yake mlangoni kwake. Ilikuwa ndefu. Nilisikia kila kiungo kikigonga. Nilikuwa nimesimuliwa mwaka mzima, na sasa nilikuwa ndani yake, pale Jankshen hasa, mahali ambapo pangekuwa kwangu, na Maryann angekuwa akivuka reli ile kwenda shule. Na nje ya dirisha watu wa Riyadh walikuwa wakipita na mifuko ya udi.

Treni ikaisha. Yule mama akavuta pumzi, akaendelea na maneno yake pale alipoyaachia. Aliongea kwa muda. Mara moja alicheka kidogo, mara moja sauti ikakatika. Nilimngoja Irshad. Hakutafsiri.

"Anasema nini?" nikanong'ona. "Irshad, amesema nini?"

Madam na dada zake walikuwa wametokea upande wa pili wa barabara, mikono imejaa, wanamwashiria.

"Mwambie shukran," akasema.

"Niambie kwanza amesema nini."

"Mwambie shukran, Metrine, urudishe simu."

Nikamwambia yule mama asante. Kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, nikitafuta ni lugha gani ingenichoma kidogo kuliko nyingine. Nikarudisha simu. Irshad akashuka kuwafungulia milango, na Lamar akaamka, akaniuliza kwa nini uso wangu una maji.

Jumatatu ilipita, kazi ya reli ikafungwa, naye akabaki Jeddah. Kutoka siku ile ya Dirah hadi alipohamishiwa nyumba ya kaka yake baba, Irshad aliniambia maneno ya kazi tu, na hakuwahi kuniambia yule mama alisema nini baada ya treni kupita.